Afya ya wafanyakazi wa shule: anza na ratiba, fulana zitafuata

Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza aliwahi kuniambia kwamba tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kutoka huwa hanywi maji. Chupa anayo, imejaa, iko juu ya meza. Lakini akinywa atabanwa, na akienda msalani watoto wote wale wabaki na nani? Wakati ananieleza hayo, mkononi nilikuwa na daftari lenye mada ya semina yangu ya wiki hiyo: faida za kunywa maji ya kutosha. Nikalifunga.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa "hilo suala la afya ya wafanyakazi" katika ofisi ya elimu inayosimamia shule kadhaa, au mkuu wa shule anayetaka kuanza na shule yake moja. Najua mara nyingi kazi hii hutupiwa mtu mwenye kazi nyingine tatu, kwa hiyo nitakachokupa ni mpangilio: kipi kitangulie, kipi kisubiri, na wapi watu huteleza.

Kabla hujaanza, kuna utafiti mmoja unaofaa kuujua. Mwaka 2019 Zirui Song na Katherine Baicker walichapisha matokeo kutoka kampuni moja kubwa ya Marekani yenye wafanyakazi wapatao 33,000. Baadhi ya vituo vyake vya kazi vilichaguliwa kwa bahati nasibu vipewe programu ya afya: masomo ya lishe, mazoezi, kupunguza msongo. Baada ya miezi 18 wafanyakazi wa vituo hivyo walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito wao. Lakini presha, kolesteroli, gharama za matibabu na siku za kukosa kazi havikuonyesha tofauti ya maana na vituo vingine. Mimi nausoma hivi: ukimfundisha mtu kuishi vizuri, kisha ukamrudisha kwenye siku ileile inayomchosha, siku ile itamshinda. Ndiyo maana hatua ya ratiba hapa chini ni ndefu kuliko ya mazoezi.

Hatua ya 1: Pata orodha ya wote

Ukisema "wafanyakazi wa shule", wengi husikia "walimu". Mpishi, dereva wa basi, mlinzi wa usiku, karani, fundi na wahudumu wa usafi hukumbukwa siku ya kupiga picha. Omba orodha ya mishahara badala ya orodha ya walimu, halafu ongeza wale wanaolipwa kupitia wakala, maana hao hawamo hata humo.

Kisha kaa na kila kundi ujue kazi inawaumiza wapi. Mpishi husimama kwenye sakafu yenye maji na kunyanyua masufuria mazito. Viatu visivyoteleza na sheria ya kubeba sufuria watu wawili vitamfaa kuliko hotuba ya lishe. Dereva huamka kabla ya wote na kukaa kitini saa nyingi. Adui yake ni usingizi, na baadhi ya dawa za mafua na za mzio huuongeza, kwa hiyo awe na uhuru wa kusema "leo siwezi kuendesha" bila kukatwa mshahara.

Kwa wahudumu wa usafi, nenda stoo ukaangalie mwenyewe. Nimewahi kufungua stoo nikakuta chupa ya maji ya kunywa imejazwa dawa ya choo, haina hata kipande cha karatasi kinachosema ni nini. Dawa yenye klorini ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, au na kitu chenye amonia, hutoa gesi inayochoma mapafu, na wanaochanganya hudhani wanaongeza nguvu ya kusafisha. Kama mwaka huu una fedha ya jambo moja tu, nunua glavu, bandika lebo kwenye kila chupa na hakikisha stoo ina hewa.

Hatua ya 2: Uliza, tena uliza kwa siri

Dodoso la maswali sita linatosha. Nimejaribu la maswali arobaini. Walijaza wale wenye muda, na wenye muda si wale uliokuwa unawatafuta. Maswali yangu siku hizi ni haya: Unalala saa ngapi siku za kazi? Sehemu gani ya mwili inakuuma ukitoka kazini? Je, unaweza kwenda msalani unapohitaji? Mara ya mwisho kuja kazini ukiwa mgonjwa ilikuwa lini, na kwa nini ulikuja? Nani kazini unaweza kumweleza ukizidiwa? Kama tungebadilisha jambo moja muhula huu, liwe lipi?

Swali la mwisho ndilo lenye mali. Wengine watakujibu kwa neno moja tu, "kiti".

Weka karatasi kwa wasiofanya kazi kwenye kompyuta, na sanduku lenye kufuli mahali ambapo bosi hapiti kila saa. Halafu jihadhari na jambo ambalo wengi hulisahau: dodoso lisilo na jina laweza kumtaja mtu. Shule ikiwa na mpishi mmoja, majibu ya "mpishi wa shule fulani" ni yake yeye. Mimi sitoi matokeo ya kundi lenye watu chini ya kumi. Naliunganisha na kundi la shule nyingine.

Hatua ya 3: Barua, kamati, muda

Pata barua iliyosainiwa na mkuu wa ofisi inayosema mambo mawili: shughuli za afya zitafanyika ndani ya saa za kazi, na taarifa za afya za mtu hazitatumika kumpandisha cheo, kumhamisha wala kumwachisha. Bila barua hiyo, usiendelee. Kamati iwe ya watu watano hadi saba, awemo mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na angalau wawili wasio walimu. Wakutane mara moja kwa mwezi, dakika arobaini na tano, basi.

Hatua ya 4: Rekebisha siku yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua ratiba ya shule moja, uikague kama vile wewe ndiye mwalimu wa vipindi vile. Anatoka darasani saa ngapi? Ana zamu ya uwanjani wakati wa mapumziko? Chakula cha mchana anakula akiwa amekaa, au anatafuna huku anasimamia foleni ya watoto? Utashangaa ni wangapi ambao tangu asubuhi hadi kutoka hawana hata dakika kumi ambazo hawasimamii mtu.

Anza na choo. Oanisha walimu wa madarasa yanayopakana: mmoja akitoka, mwenzake anasimama mlangoni anaangalia madarasa yote mawili kwa dakika tano. Liandikwe, litangazwe, ili mtu asijione anaomba fadhila. Kwa wadogo sana ambao hawawezi kuachwa hata hivyo, panga mtu wa akiba anayepita madarasani kwa saa maalumu. Kujizuia haja ndogo siku nzima na kujinyima maji ni mambo yanayofuatana, na wanawake ndio hulipa zaidi, kwa maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokwisha. Baada ya hapo ndipo useme "kunyweni maji", na utasikilizwa.

Linalofuata ni dakika ishirini. Kila mfanyakazi apate angalau kipande kimoja cha siku cha dakika ishirini mfululizo kisicho na zamu, kisicho na kikao, kisicho na mzazi mlangoni. Ukishindwa kukipata kwa kupanga upya zamu, waulize walimu wenyewe. Wanaijua ratiba kuliko aliyeitengeneza.

Kisha simu. Siku hizi kikundi cha WhatsApp cha shule hakilali. Ujumbe wa saa nne usiku unaosema "kesho kila mmoja aje na takwimu za mahudhurio" humfikia mtu akiwa kitandani, na usingizi unaishia hapo. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Wekeni saa ya mwisho ya ujumbe wa kazi, dharura ipigiwe simu, na mkuu wa shule awe wa kwanza kuitii. Asipoitii yeye, msijisumbue kuiandika.

Mgonjwa naye. Mwalimu mwenye homa huja kazini kwa sababu hakuna wa kushika darasa, na asipokuja wenzake wanagawana watoto wake na kumnunia. Hilo halitibiwi kwa bango la "baki nyumbani ukiumwa". Tengenezeni orodha ya walimu wa akiba wa shule zote zilizo chini ya ofisi yenu, na kila mwalimu awe na bahasha ya kazi za siku mbili ambazo yeyote anaweza kuzisimamia. Hapa ofisi inayosimamia shule nyingi ina nguvu ambayo shule moja haina.

Sauti nitaiongelea kidogo zaidi, kwa sababu ni chombo cha kazi cha mwalimu na hakuna anayeikagua. Walimu hupata matatizo ya sauti kuliko watu wa kazi nyingi nyingine. Mtu anafundisha kwa kelele mpaka koo linakauka, anakohoa ili kulisafisha, na kule kukohoa kunazigonga nyuzi za sauti na kuziumiza zaidi. Wafundishe mambo machache: kunywa maji kidogo kidogo, kuwanyamazisha watoto kwa kengele au makofi, kamwe si kwa kupaza sauti juu ya sauti zao, kumeza mate au funda la maji badala ya kukohoa, na sauti ikikauka, kunyamaza kabisa, maana kunong'ona kwa nguvu kunaichosha vilevile. Kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni ni ununuzi wa maana kwa mwenye darasa kubwa. Sauti ikikaa imekwaruza wiki tatu au nne bila kupona, mtu aende akaangaliwe koo na daktari, asingoje likizo.

Hatua ya 5: Vipimo, kama una pa kuwapeleka watu

Usimpime mtu presha kama hujui ikiwa juu ataenda wapi. Kwanza zungumza na kituo cha afya kilicho karibu, jua siku zake na kama bima ya wafanyakazi inakubalika pale. Ukishapata jibu, panga siku ya vipimo.

Nimeona siku hiyo ikiharibika. Foleni ilikuwa nje ya ofisi ya walimu, wakati wa mapumziko. Mwalimu amepanda ngazi mbio, ana kikombe cha kahawa mkononi, mkono wa blauzi ameukunja umembana juu ya kiwiko, anapiga soga na mwenzake huku mkanda unajaa upepo. Mpimaji akasoma kwa sauti: juu 158, chini 96. Foleni nzima ikasikia. Wiki iliyofuata alipimwa ametulia, ikawa 128 kwa 82, lakini kufikia hapo alikwishapewa jina la utani, na hakuja tena kupimwa.

Kwa hiyo: chumba chenye mlango, mtu mmoja mmoja. Kiti kiwe na egemeo. Nusu saa kabla, asiwe amekunywa kahawa, amevuta sigara wala kufanya mazoezi, na awe amekwenda haja ndogo. Akae kimya dakika tano. Miguu iwe chini sakafuni, isipishane. Mkanda uvishwe kwenye mkono mtupu ulioegemezwa usawa wa moyo, na uwe wa ukubwa unaomfaa, maana mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya uongo, ya juu kuliko ilivyo. Asizungumze. Pima mara mbili, ukipishanisha dakika moja, na mwandikie matokeo kwenye karatasi yake.

Namba ya kukumbuka ni 140 kwa 90. Aliyefika hapo au kupita arudiwe siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Aliyefika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, amelegea upande mmoja au maneno hayatoki vizuri, apelekwe hospitali hapohapo. Sukari ya damu ipimwe asubuhi kwa mtu ambaye hajala kwa saa nane, milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ambayo mashine nyingine huiandika 126, inahitaji kuthibitishwa na daktari. Ukimpima mtu baada ya chakula cha mchana ukamlinganisha na namba hizo, utamtisha bure.

Matokeo ni ya mwenyewe. Ofisi ipewe hesabu tu: wangapi walipimwa, wangapi walielekezwa kituoni.

Hatua ya 6: Chakula na mwili

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ndiko kila mtu huanzia na kuishia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Chumvi iwe chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo ndani ya vyakula vya kununua. Matunda na mboga visipungue gramu 400. Bandika hizo jikoni na kwenye ofisi ya walimu.

Halafu tazama mnachokula kwenye vikao. Ofisi hiyohiyo inayotuma waraka wa kisukari huagiza soda na keki kila mkutano. Badilisheni hapo kwanza, ni rahisi. Wanaotaka kutembea pamoja baada ya kazi watembee, wanaotaka mpira wacheze, lakini tafuta na shughuli ya watu wa zamu: mlinzi wa usiku hatakuja saa kumi jioni wakati ndiyo kwanza anaamka.

Mashindano ya kupunguza uzito, hapana. Atashinda aliyejinyima wiki ya mwisho, na aliyeaibika mbele ya wenzake hatarudi kwenye jambo lako lolote.

Hatua ya 7: Mtu anapozidiwa

Shirika la Afya Duniani limeuweka uchovu wa kazi kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, kama hali itokanayo na kazi, na halikuuita ugonjwa. Uchovu huo una dalili tatu: nguvu zimekwisha, mtu amejitenga na kazi yake au kuichukia, na anahisi anachofanya hakina tija. Mwalimu aliyekuwa anajua majina ya wazazi wote, sasa anasema "hawa watoto hawafundishiki". Karani aliyekuwa mcheshi hajibu salamu. Maelezo ya hali hiyo yanautaja msongo wa kazini usiosimamiwa vizuri, na hilo neno "usiosimamiwa" linatuhusu sisi wa ofisini.

Mkuu wa shule si mnasihi na asijifanye. Kazi yake ni kuona, kuuliza na kupunguza. Aseme hivi, faraghani: "Mwalimu, wiki hizi mbili nakuona umechoka kuliko kawaida. Kuna kitu kwenye kazi ninachoweza kukupunguzia?" Kisha anyamaze asikilize. Akiahidi kupunguza zamu moja, aipunguze wiki hiyohiyo. Mnasihi atoke nje ya safu ya uongozi wa shule, apatikane kwa simu, na mtu asihitaji ruhusa ya bosi kumpigia. Mfanyakazi akitamka kwamba hana haja ya kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Asiachwe peke yake, apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Na matusi. Mzazi anayemfokea karani dirishani na mwanafunzi anayemrushia mwalimu kiti ni mambo ya afya kazini. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na unazitambua pia vurugu zinazohusisha watu wa nje. Wekeni daftari la matukio, na mtu asiachwe akutane na mzazi mwenye hasira peke yake ndani ya chumba kilichofungwa.

Hatua ya 8: Muhula wa kwanza, mambo mawili tu

Mkichagua manane hamtamaliza hata moja. Mimi ningechagua utaratibu wa choo na saa ya mwisho ya ujumbe: havigharimu fedha, na watu huona tofauti ndani ya wiki mbili. Vipimo viingie muhula wa pili, mkiwa mmeshaaminika.

Mwisho wa muhula rudisha dodoso lilelile. Linganisha jibu la swali la msalani na la nani wa kumweleza. Hesabu siku za ugonjwa kwa shule nzima, bila majina, ila usishangae zikipanda mwanzoni: waliokuwa wakija na homa sasa wanabaki nyumbani. Kati ya walioelekezwa kituo cha afya, wangapi walifika? Namba hiyo ikiwa ndogo, tatizo mara nyingi ni ruhusa au nauli.

Mwisho, tengeneza faili. Waratibu huhamishwa, na nimeona kazi ya miaka miwili ikitoweka ndani ya droo iliyofungwa na mtu aliyekwishaondoka na ufunguo. Weka humo barua ya idhini, majina ya kamati, mawasiliano ya kituo cha afya na mnasihi, na dodoso tupu. Karatasi za matokeo ya mtu mmoja mmoja zisiwemo kabisa. Nakala moja iwe kwako, nyingine kwa mwenyekiti wa kamati.